Nguo Nzima na Nguo Iliyokatwa: Sindano, Kaya na Kiangazi katika Historia ya Tabora

Historia ya Tabora na ya njia kuu ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji imezoeleka kuandikwa kwa kufuata pembe za ndovu, watumwa, bunduki na majina ya watemi, yaani watawala wa jadi wa Unyamwezi, ilhali bidhaa iliyoingia katika kaya za kawaida na kubadili maisha yake ya kila siku ilikuwa kitambaa cha pamba. Katika karne ya 19 kitambaa hicho kililetwa kwa maelfu ya mizigo, kikavaliwa, kikalipiwa ushuru wa njia, kikatolewa zawadi za harusi na kikazikiwa wafu. Hata hivyo kazi ya kukikata na kukishona ilibaki ndogo kwa muda mrefu, kiasi kisicholingana kabisa na wingi wake. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba, maadamu kitambaa kilikuwa fedha, kukikata kulikuwa kuiharibu fedha yenyewe, na ushonaji ulistawi majumbani pale tu sarafu na reli zilipokiondolea kazi hiyo, kikabaki kuwa kitu cha kuvaa, cha kutandika na cha kubebea watoto. Hoja ya pili inafungamana na ya kwanza: katika vipindi vyote hivyo kalenda ya sindano ilifuata kalenda ya jembe, kwa sababu nguo mpya iliingia nyumbani katika miezi ya ukame inayofuata mavuno.

Kiangazi na kazi za mikono kabla ya merikani

Tabora ipo katika uwanda wa juu wa Unyamwezi, takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na imezungukwa na misitu ya miombo, yaani misitu ya miti inayopukutisha majani wakati wa ukame na kuchipua upya kabla mvua hazijaanza. Tofauti na pwani yenye masika na vuli, eneo hili lina msimu mmoja wa mvua, ambao kwa kawaida huanza Novemba na kwisha Aprili, kisha hufuata kiangazi kirefu ambacho sehemu yake ya kwanza, Juni na Julai, ni kipupwe chenye usiku wa baridi. Mtama, uwele na karanga, na baadaye mahindi, huvunwa mvua zikiisha. Nafaka ikishapurwa na kuwekwa ghalani, kazi za shamba hupungua hadi mawingu ya Oktoba, na ni katika nafasi hiyo kaya za Kinyamwezi zilipojenga, zikawinda, zikarina asali, zikaoa na kuozesha, na watu wake wakasafiri.

Kabla nguo za kigeni hazijaenea, mavazi ya watu wengi yalikuwa ngozi za mbuzi na za wanyama wa porini zilizolainishwa kwa mafuta na kusuguliwa, pamoja na magome ya miti yaliyoloweshwa na kugongwagongwa hadi yakatanuka na kulegea kama kitambaa. Sambamba na mavazi hayo, pamba ililimwa, ikasokotwa na kufumwa humohumo nchini. Richard Burton, Mwingereza aliyefika mwaka 1857 pamoja na John Hanning Speke, aliandika habari za vitanda vya mfumi, yaani viunzi vya kufumia nguo, alivyovikuta Unyamwezi, na akaeleza kwamba nguo iliyotoka humo ilikuwa nzito na imara. Ufipa nako, upande wa kusini-magharibi, kulikuwa na mafundi wa kufuma ambao kazi yao iliendelea hadi karne ya 20. Kufuma kulihitaji kwanza kutandaza mtande, yaani nyuzi ndefu zinazovutwa kutoka ncha moja ya kitanda hadi nyingine, kisha kupitisha mshindio, yaani uzi unaokatiza ule mtande mara kwa mara hadi nguo ikakamilika. Ilikuwa kazi ya siku nyingi mfululizo, isiyoweza kushindana na palizi, na kwa hiyo ilifaa zaidi miezi ambayo shamba halikudai mikono.

Jambo la kuzingatia katika mavazi hayo yote ni kwamba hayakuhitaji kukatwa kwa kufuata umbo la mwili. Ngozi ilifungwa begani, gome likazungushwa kiunoni, na nguo ya kufumwa ikavaliwa jinsi ilivyotoka kitandani, ikiwa na upana na urefu wake kamili. Sindano ilitumika kuunganisha vipande vya ngozi, kushonea shanga na kuziba palipochanika, ila haikuwa chombo cha kuundia vazi. Kitambaa cha kigeni kilipofika, kilikuta desturi iliyokwisha kukomaa ya kuvaa nguo nzima, na biashara ya misafara ikaipa desturi hiyo sababu mpya ya kudumu.

Nguo iliyokuwa fedha

Kitambaa kilichotawala njia ya Tabora katikati ya karne ya 19 kiliitwa merikani, nacho kilikuwa pamba nzito isiyotiwa rangi wala kupaushwa, iliyofumwa katika viwanda vya jimbo la Massachusetts nchini Marekani, hasa katika miji ya Lowell na Salem. Mkataba wa biashara kati ya Marekani na Sayyid Said wa Oman na Zanzibar ulitiwa saini mwaka 1833, na mwaka 1837 Marekani ikaweka konseli wake Unguja. Tangu hapo merikani ilibadilishwa kwa pembe za ndovu, sandarusi na ngozi. Kulikuwa pia na kaniki, yaani pamba nyepesi iliyotiwa rangi ya nili ikawa buluu iliyokolea hadi kukaribia weusi, iliyotoka India, na kulikuwa na nguo za rangi kama vile barsati, debwani, sahari na subaya, zilizotoka India na Maskati, ambazo ziliitwa nguo za majina na zikatengwa kwa ajili ya watemi na watu wakubwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyopiganwa kati ya 1861 na 1865, vilipunguza sana ugavi wa merikani, na viwanda vya Uingereza, kisha vya Bombay, vikapata mwanya wa kuleta nguo zao katika soko hilohilo, ingawa jina la merikani liliendelea kutumika kwa kitambaa cha aina ile bila kujali kilikotoka.

Vipimo vya nguo vilikuwa ndivyo vipimo vya thamani. Mkono, au dhiraa, ni urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati. Mikono minne, karibu yadi 2, ilifanya upande mmoja, yaani shuka moja. Pande mbili zikafanya doti ya yadi 4. Na jora la merikani, yaani kitambaa kizima kama kilivyotoka kiwandani, lilikuwa na yadi 30 hivi. Kwa vipimo hivyo wapagazi, yaani wachukuzi wa mizigo, walilipwa ujira na kupewa posho ya kununulia chakula njiani. Kwa vipimo hivyohivyo watemi wa Ugogo, nchi iliyo kati ya pwani na Unyamwezi, walitoza hongo, yaani ushuru wa kupita katika nchi zao. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijiandaa Unguja mwaka 1871 kwenda kumtafuta David Livingstone, alielezwa na wafanyabiashara kwamba watu 100 wangehitaji doti 10 kwa siku ili kula, akapanga kununua doti 2,000 za merikani, doti 1,000 za kaniki na doti 650 za nguo za rangi. Hesabu hiyo inadhihirisha kwamba sehemu kubwa ya mizigo ya msafara ilikuwa fedha ya safari yenyewe, iliyopungua kila kituo kadiri watu walivyokula.

Katika mazingira hayo upande wa nguo ulikuwa na thamani ukiwa umetimia. Muuza mtama aliupima kwa mkono wake, mtemi akakataa uliopunguka, na kila aliyeupokea alikusudia kuupitisha kwa mwingine kwa bei ileile. Kaya iliyopata doti tatu kwa safari ya mwanamume wake hadi pwani ilikuwa na akiba iliyoweza kununua jembe, mbuzi au chakula cha mwaka wa njaa, na akiba hiyo iliwekwa ndani ya lindo, yaani sanduku la gome la mti, mbali na mchwa na moshi. Nguo iliweza kuvaliwa na bado ikabaki akiba, alimradi ilizungushwa mwilini tu. Mara ilipokatwa ikawa shati, haikuweza tena kurudi sokoni kama pesa. Ikumbukwe kwamba kitambaa hichohicho, kwa familia za Massachusetts zilikotoka zile nyuzi, kilikuwa kitu cha kukatwa kwa mkasi bila wasiwasi, kikashonwa mashuka na bitana za mifarishi, yaani matandiko mazito ya tabaka mbili au tatu yaliyoshonwa pamoja kwa ajili ya majira ya baridi. Tofauti kati ya nyumba za Lowell na tembe za Unyamwezi, yaani zile nyumba ndefu za mstatili zenye paa bapa la udongo, haikutokana na ustadi wa mikono. Ilitokana na kazi ambayo kila jamii ilikipa kitambaa.

Ndiyo maana pia msimu ulikuwa na uzito mkubwa. Wapagazi wengi wa Kinyamwezi walikuwa wakulima walioondoka baada ya mavuno na kulenga kurudi kabla mvua hazijaita watu shambani, na Burton mwenyewe, aliyeondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kaze, makazi ya Waarabu jirani na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba, alitumia karibu kiangazi chote barabarani. Wanawake kadhaa walisafiri pamoja na waume zao, wakapika na kubeba mizigo midogo. Waliobaki nyumbani walisimamia mavuno yaliyosalia, wakalea watoto na kungoja. Msafara uliporudi salama, nguo ziligawanywa: fungu la mtemi, fungu la wazee, fungu la mke, na fungu la wakwe kama kulikuwa na posa inayosubiri. Harusi za Unyamwezi ziliangukia kiangazi kwa sababu chakula kilikuwapo, na kuongezeka kwa misafara kuliongeza sababu nyingine, kwamba nguo nayo ilipatikana wakati huohuo.

Mafundi waliokuja na misafara

Ushonaji wa mavazi yaliyokatwa uliingia Tabora kama kazi ya wanaume wa pwani. Waarabu wa Oman na Waswahili waliokaa Kaze na Kwihara jirani yake walivaa kanzu, yaani vazi refu jeupe la wanaume, pamoja na vizibao na kofia zilizodariziwa kwa uzi, na mavazi hayo yalihitaji fundi. Burton anaorodhesha mafundi wa kuzunguka waliokuja na misafara, wengi wao watumwa, wakiwamo wahunzi, waashi, maseremala, wasokota kamba na washonaji, na anaeleza kwamba walidai ujira mkubwa. Ujira huo nao ulilipwa kwa pande za merikani. Bei ya mshonaji haikuweza kuwa mbali na mantiki hiyo: aliyetaka kanzu alilipa kwa nguo ili nguo yake nyingine ikatwe, na gharama ya namna hiyo iliwezekana kwa tajiri tu.

Kwa sababu hiyo mshono ukawa alama ya hadhi. Mtu aliyevaa nguo iliyokatwa na kushonwa alionyesha kwamba anayo nyingine ya kutumia kama fedha, na kwamba ana uhusiano na pwani, na dini ya Kiislamu na uungwana, yaani hali ya mtu huru mwenye adabu za mjini. Watu wengi waliotoka Manyema, magharibi ya Ziwa Tanganyika, ambao walifikishwa Ujiji na Tabora wakiwa watumwa au wafuasi wa wafanyabiashara, waliutafuta uungwana huo kwa lugha, kwa dini na kwa mavazi pamoja, wala si ajabu kwamba kanzu na kofia zilivaliwa mapema na watu waliokuwa wakidai nafasi mpya katika jamii. Mfanyabiashara Musa Mzuri, Mhindi wa jamii ya Khoja kutoka Surat aliyekuwa miongoni mwa watu wa kwanza kutoka ng'ambo kufanya biashara Unyamwezi, anawakilisha mkondo mwingine wa ustadi uliofuata njia hiyo, yaani mkondo wa magharibi ya India, ambako nguo zilikatwa, zikatiwa rangi, zikadariziwa na kuunganishwa kwa vipande tangu zamani.

Mizigo yenyewe ya nguo nayo ilitaka mkono wa kuisokomeza na kuifunga. Majora yalikazwa kwa kugongwa hadi yakawa robota refu na gumu, yakafungwa kwa kamba na kuviringishiwa jamvi ili mvua na miiba visiharibu mali. Sindano iliyohusika na kazi za jinsi hiyo pwani ni shazia, yaani sindano kubwa ya kushonea majamvi na magunia, na matumizi yake yaliendelea katika kila biashara ya bara iliyohitaji mzigo kufungwa, kutoka pembe na nta hadi mazao ya mashamba.

Sarafu, reli na cherehani

Mabadiliko makubwa yalikuja na utawala wa Wajerumani. Mtemi Isike wa Unyanyembe, utemi wa eneo la Tabora, alishindwa na kufa ngomeni mwake Januari 1893, na tangu hapo Tabora ikawa kituo cha dola la kikoloni. Rupia ya Kijerumani, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1890, ilisambaa polepole kutoka pwani. Kodi ya kibanda ilianza kutozwa mwaka 1898, na ingawa mwanzoni ilipokelewa hata kwa mazao na kwa kazi, shabaha yake ilikuwa kumlazimisha kila mwenye nyumba kutafuta sarafu. Mwaka 1904 serikali ilichukua mamlaka ya kutoa fedha na kuigawa rupia katika heller 100, vipande vidogo vilivyofaa kununulia chumvi na viberiti. Nguo, ambayo haikuweza kugawanywa bila hasara, ilishindwa na sarafu hiyo ndogo katika manunuzi madogo, na hatimaye katika makubwa pia.

Reli ya kati, iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Safari iliyochukua takriban miezi mitatu kwa miguu ikawa ya siku chache, gharama ya kusafirisha kitambaa ikapungua, na ule ujira wa nguo uliokuwa ukiletwa nyumbani na wapagazi ukakoma pamoja na misafara yenyewe. Wanaume wa Unyamwezi waliendelea kusafiri, ila sasa kwenda kufanya kazi za reli na za mashamba ya mkonge, na walirudi na fedha walizonunulia nguo dukani. Vita vya Kwanza vya Dunia viliikatiza hali hiyo kwa muda: kwa kuwa bahari ilizingirwa na meli za Waingereza, ufumaji na usokotaji wa mkono ulifufuliwa katika koloni lote, na nguo za askari zikatiwa rangi ya mimea ya mwituni. Tabora ilifikia hali isiyo ya kawaida mwaka 1916, pale karakana ya reli ilipotengeneza sarafu ya dhahabu ya rupia 15 katika mji ambao maduka yake hayakuwa na nguo za kutosha, kabla Wabelgiji hawajauteka mji huo Septemba mwaka huohuo.

Baada ya vita, chini ya Waingereza, ushonaji uliingia hatua mpya. Cherehani, yaani mashine ya kushonea inayozungushwa kwa mkono au kwa kukanyaga, ilikuwa imekwisha kuenea katika miji ya Afrika Mashariki, na mpango wa kazi uliozoeleka Tanganyika nzima ulikuwa wa fundi kukaa na cherehani yake katika baraza ya duka la Mhindi: mteja aliingia ndani, akapimiwa kitambaa, akatoka nacho, akapimwa mwili papo hapo, na nguo ikakatwa mbele yake. Mwenye duka aliuza kitambaa zaidi kwa sababu fundi yupo mlangoni. Fundi alipata wateja bila kuwa na duka. Mpango huo ulikamilisha mageuzi, kwa kuwa kitambaa sasa kilinunuliwa ili kikatwe siku hiyohiyo, na akiba ya kaya ikahamia kwenye ng'ombe, fedha na bati za kuezekea. Mkasi uliacha kuwa anasa, ingawa kazi ya cherehani ilibaki mikononi mwa wanaume kwa miongo kadhaa zaidi.

Sindano mikononi mwa wanawake

Njia iliyoipeleka sindano kwa wanawake ilikuwa nyingine. Mapadri Weupe, shirika la wamisionari wa Kikatoliki, walifika Tabora mwaka 1878, wakaanzisha vituo Kipalapala, Ushirombo na Ndala; masista wa shirika dada walifuata katika miaka ya 1890, na Wamoraviani, wamisionari wa Kiprotestanti, walijiimarisha Urambo tangu 1898 na baadaye Sikonge. Katika vituo vyote hivyo wasichana walifundishwa kushona kwa mkono, na elimu ya wasichana chini ya serikali ya Waingereza iliendeleza mkazo uleule kwa jina la sayansi kimu, yaani masomo ya mapishi, usafi, malezi na ushonaji. Mkazo huo ulikuwa na upungufu ulio wazi, kwa maana ulimwandaa msichana kwa nyumba huku kaka yake akiandaliwa kwa ofisi, lakini ulikuwa na matokeo ambayo waasisi wake hawakuyatarajia: ulihamisha ustadi wa kulipwa kutoka baraza ya duka hadi ndani ya ua.

Kazi za mafunzo hayo zilihitaji vifaa vichache. Mwanafunzi alianza na bandi, yaani mshono mrefu wa muda unaoshikilia vitambaa kabla ya mshono wa kudumu, kisha pindo, kisha kutarizi maua na maneno kwenye foronya, yaani mfuko wa mto, na kwenye mashuka meupe. Kufuma vitambaa vya uzi kwa sindano ya kulabu, vile vinavyotandikwa juu ya meza na migongo ya viti, kukawa sehemu ya pambo la sebule, na msichana aliyekaribia kuolewa alitarajiwa kuwa na seti yake. Vilabu vya wanawake vilivyoenezwa miaka ya 1950 na Idara ya Maendeleo ya Jamii na Baraza la Wanawake wa Tanganyika, lililoundwa mwaka 1951, vilitumia sindano kama kivutio cha kuwakutanisha wanawake, na Umoja wa Wanawake wa Tanganyika, ulioanzishwa 1962, ulirithi mazoea hayo ya kukutana, kushona na kuzungumza mambo ya umma katika kikao kimoja. Kufanyika kwa vikao hivyo kulitegemea mashamba: watu walimiminika kiangazi, wakapungua wakati wa kupanda na kupalilia.

Kanga, viraka na mifarishi

Vazi lililounganisha historia yote hiyo, yaani nguo nzima na nguo iliyoshonwa, ni kanga. Kwa mujibu wa masimulizi yaliyoenea pwani, wanawake wa Zanzibar katika nusu ya pili ya karne ya 19 walinunua leso za mraba zilizouzwa zikiwa hazijatenganishwa, wakakata urefu wa leso tatu mara mbili na kuziunganisha upande kwa upande, wakapata nguo moja ya leso sita. Baadaye wafanyabiashara wakaagiza nguo iliyochapwa tayari kwa ukubwa huo, yenye pindo kuzunguka, mji, yaani uwanja wa katikati, na hatimaye maandishi. Mwanzo wa kanga, kwa hiyo, ni kazi ya kuunganisha vipande. Zanzibar ilishuhudia wanawake waliotoka utumwani wakiiacha kaniki na merikani, nguo za unyonge, na kuvaa kanga kama tangazo la uhuru wao. Tanganyika, ambako hali ya utumwa ilifutwa kisheria mwaka 1922, kanga ilisafiri kwa reli hadi Tabora na Kigoma ikiwa na heshima hiyo. Hadi leo inauzwa kwa doti, vipande viwili vilivyoungana, ambavyo lazima vikatwe na kupindwa kabla ya kuvaliwa.

Maisha ya kanga ndani ya kaya yanaonyesha uchumi wa nguo vizuri kuliko daftari la duka. Ikiwa mpya huvaliwa kwendea harusini na msibani. Ikichujuka huvaliwa jikoni na shambani. Ikilainika hufanywa mbeleko, yaani nguo ya kumfungia mtoto mgongoni. Ikichakaa zaidi hukatwa winda za mtoto mchanga, na mwisho hubaki tambara la kufutia. Katika desturi za Waswahili, mbeleko na mkaja ni pia majina ya zawadi anazopewa mama wa bibi arusi, kwa kutambua mgongo uliombeba binti na tumbo lililofungwa baada ya uzazi, jambo linaloeleza kwa nini nguo, hata pale inapolipwa siku hizi kwa fedha taslimu, haijaondoka katika makubaliano ya ndoa.

Kiraka, yaani kipande cha nguo kinachoshonewa juu ya tundu, ni sehemu ya uchumi huohuo, na vilevile mfarishi. Watu wa Kutch na Gujarat, sehemu walikotoka wengi wa wafanyabiashara wa Kihindi waliokaa katika miji ya njia ya reli, wana desturi ya kale ya kupanga tabaka za sari na nguo kuukuu, kuzipigia mishono midogo ya moja kwa moja na kupata tandiko zito la kujifunikia. Upande wa Waswahili, godoro na mto vilijazwa sufi, yaani pamba nyepesi ya mti wa msufi, na ngozi ya godoro ikashonwa kwa merikani au kitambaa kingine kigumu, huku nguo zilizokwisha kuvalika zikiunganishwa kuwa matandiko ya watoto. Usiku wa baridi wa Juni na Julai katika uwanda wa Tabora uliifanya kazi hiyo iwe ya lazima, na kwa kuwa ilitumia mabaki ambayo soko halikuyathamini, ilikuwa tangu mwanzo kazi ya wanawake, wazee na watoto, isiyohitaji idhini ya mwenye akiba.

Uhaba, mitumba na fedha za tumbaku

Baada ya uhuru taifa lilijaribu kuvaa pamba yake lenyewe. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa Dar es Salaam kwa msaada wa China, kilianza kazi mwaka 1968, Mwanza ikapata Mwatex, na Tabora yenyewe ikajengewa kiwanda cha kusokota nyuzi kilichojulikana kama Tabotex. Vyuo vya maendeleo ya wananchi, vilivyoanzishwa kuanzia 1975, viliweka ushonaji katika mafunzo yake, na vikundi vya wanawake vijijini vikapata cherehani za pamoja. Huo ndio wakati ambapo mwanamke aliyeketi mbele ya cherehani na kupokea malipo alianza kuwa jambo la kawaida. Hata hivyo, baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979 na ukosefu wa fedha za kigeni uliofuata, nguo ziliadimika, viwanda vikakosa vipuri, na kiraka kikarudi hata kwa watumishi wa serikali.

Kulegezwa kwa masharti ya uagizaji bidhaa mwaka 1984 kulifungua mlango wa mitumba, yaani nguo zilizovaliwa nchi za nje na kuuzwa kwa marobota. Mara nyingi inasemwa kwamba mitumba iliua ushonaji, na ni kweli kwamba ilipunguza sana kazi ya mashati na suruali. Lakini iliwapa mafundi kazi nyingine, ya kupunguza, kubana na kugeuza, yaani kuchukua nguo iliyokatwa kwa mwili wa mtu wa mbali na kuikata upya kwa mwili wa mnunuzi. Kazi mpya ilibaki katika vitenge, sare za shule na sare za harusi, ambazo ndugu wa pande zote mbili hushonewa kwa kitambaa kimoja ili undugu wao uonekane.

Kazi hiyo ya sare inafuata msimu uleule wa misafara, ila kwa zao jingine. Tumbaku, iliyostawi Urambo katika miaka ya 1950 baada ya mradi mkubwa wa karanga ulioanza 1947 kushindwa, ndilo zao kuu la biashara la mkoa, na huuzwa wakati wa kiangazi. Malipo yakitoka mapema, harusi hupangwa mapema na vitenge hukatwa kwa wingi. Yakichelewa, sherehe husogezwa na cherehani hubaki na nguo za kutengeneza. Anayetaka kupima hali ya kaya za Tabora katika mwaka wowote, basi, ana sababu ya kihistoria ya kuanzia kwa fundi cherehani, amuulize kazi ilimzidi mwezi gani, na kama wateja walimletea vitambaa vipya vya kukata au nguo za kutia viraka.